Bunduki tatu za marehemu baba mkwe: bei yake nitaijuaje?

Kutoka: Baba Pendo

Wanajamii, salaam. Mlioko Marekani mnaojua mambo ya silaha, nitoeni tongotongo. Baba mkwe alitutoka mwezi uliopita, na mke wangu kaachiwa bunduki tatu: Winchester ya kuwindia, shotigani ya mitutu miwili, na bastola nyeusi ambayo marehemu aliinunua baada ya polisi kuitumia. Jana tulizipeleka kwa muuzaji. Bwana yule kaziangalia dakika tano, akataja bei moja ya jumla kama ananunua chuma chakavu. Mtandaoni naona Winchester peke yake watu wanaitangaza mara tatu ya hapo. Nani ananidanganya?

Halafu mtutu wa hiyo Winchester una kutu kidogo. Nimeshanunua msasa na rangi, Jumamosi niing'arishe kabla ya kuipeleka kwingine.

Kutoka: Mama Makaratasi

Shemeji, pole kwa msiba. Msasa weka chini kwanza, Mzee Fundi atakueleza. Mimi nina la makaratasi.

Ndugu zetu wenye viza za masomo au za kazi za muda: sheria ya serikali kuu kwa kawaida haiwaruhusu kumiliki silaha wala kuwa nayo mkononi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kwa hiyo usimwombe mpwa wako mwanafunzi akubebee bunduki hadi kwenye gari. Na ukimuuzia mtu wa jimbo jingine, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na mnunuzi ajaze fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha, na achunguzwe. Majimbo mengine yanataka hivyo hata mkiwa wa jimbo moja. Makubaliano ya kupeana mikono kwenye maegesho achaneni nayo.

Kutoka: Mzee Fundi

Baba Pendo, pole sana mwanangu. Miaka mingi nimeshika bisibisi kwenye karakana ya silaha, nisikilize.

Kwanza hakikisha zote hazina risasi, kwa macho na kwa kidole. Hata kama marehemu aliapa.

Ukipiga msasa ule mtutu, thamani unaisugua pamoja na kutu. Mnunuzi wa bunduki ya zamani halipii mng'aro, analipia rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani, hata ikiwa imechakaa. Wenye fani huhesabu ni asilimia ngapi ya rangi hiyo imebaki. (Kila muuzaji ya kwake ni asilimia 95, utadhani wote wamesoma hesabu darasa moja.) Bunduki iliyopakwa upya huonekana upesi: maandishi yamefifia, kingo zilizokuwa kali zimekuwa mviringo. Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha.

Sasa tazama namba iliyogongwa kwenye chuma. Kama hiyo Winchester ni ya aina ya Model 70, namba ikiwa chini ya 700,000 una mali. Mwaka 1964 Winchester walibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama. Zile za kabla zina kucha ndefu inayolikamata ganda la risasi tangu linapotoka kwenye kasha, na wawindaji wanaziita mpaka leo "za kabla ya 64". Lakini namba peke yake haitoshi. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa, kuna mtu asiyejua kazi amewahi kuifungua. Angalia kama imetobolewa matundu ya ziada ya kufungia darubini, na kama kitako kimekatwa. Kila tundu lisilo la kiwandani linashusha bei. Kisha toa komeo, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: mistari ya ndani iwe mikali na inayong'aa. Ukiona vidoa vyeusi kama alama za ndui, kutu imeshakula chuma.

Na namba ikiwa imekwanguliwa, usiiuze wala usiipeleke popote, muulize mwanasheria. Kukosa namba kabisa ni jambo jingine: baadhi ya bunduki za kabla ya sheria ya silaha ya 1968, iliyolazimisha namba, hazikugongwa tangu mwanzo.

Shotigani nayo ina vipimo vyake. Ondoa kipande cha mbao cha mbele, ushike kitako, utikise. Mitutu ikicheza, bawaba imelika. Kisha ichomoe, ining'inize kwa uzi, uigonge kwa ukucha. Mizima inalia kama kengele. Ikitoa sauti ya debe bovu, ule mshono wa kulehemu unaoiunganisha umeachia. Na kama chuma kina mawimbimawimbi kama mkeka uliosokotwa, ni mitutu ya kizamani ya kusuka: usiipige kwa risasi za siku hizi, itakupasukia usoni. Hiyo hununuliwa ya kutundika ukutani.

Bastola ya polisi wengi huidharau bure. Nje imechubuka kwa sababu ya kuingia na kutoka kwenye ala kila siku, ndani pengine haikufyatua risasi nyingi.

Kuhusu mtandao: bei unayoiona ni ya anayeomba, na anayeomba si lazima apewe. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, za hali kama yako. Mwenye duka naye atakaa nayo miezi kabla ya kumpata mteja, ndiyo maana anakupunja. Ukitaka zaidi, mwachie aiuze kwa niaba yako achukue asilimia yake, halafu usubiri.

Kutoka: Baba Pendo

Shikamoo Mzee. Msasa nimerudisha dukani.

Shotigani imelia debe. Bastola ndani ni kama mpya, tutaiacha kwa muuzaji mwingine aiuze taratibu. Winchester namba yake inaanza na 4, nikaruka kwa furaha! Kisha nikatazama kitako: kimekatwa kama vidole vitatu, na mwisho kimebandikwa raba. Nikamwita mke wangu nimwonyeshe hasara. Akacheka mpaka machozi. Kumbe alikuwa na miaka 12, mikono haifiki, babake akakikata kwa msumeno jikoni ili amfundishe kulenga.

Hiyo haiuzwi. Nisaidieni tu, sanduku la kuifungia salama, tuna watoto wawili, mnashauri la namna gani?

Kutoka: Mzee Fundi

Marahaba. La chuma, lenye kufungwa kwa boliti sakafuni. Risasi ziweke kwenye kufuli yake mbali. Na ufunguo usiutundike msumarini.