Mtoto ana wazimu wa treni, twataka kumpeleka Nairobi wikendi, nisaidieni

Mamake Imu (Kisauni)

Asalam aleikum wapenzi na habari zenu nyote. Jamani nina kijana wangu wa miaka saba, ukimpa kalamu achora treni, ukimpa mchanga pale ufuoni atengeneza reli, juzi ustadhi wa madrasa anionyesha daftari lake, nusu ya juu alif be te na nusu ya chini kichwa cha treni na mabehewa kumi na mbili, ustadhi amenuna mimi nabaki kujizuia kucheka.

Sasa babake amepata ruhusa Jumatatu moja mwezi wa nane shule zikiwa zimefungwa, tumepanga tuondoke Mombasa Jumamosi turudi Jumatatu, na hatuendi kwa mol wala kununua nguo, twaenda kuangalia treni basi. Majirani watuona tumerukwa na akili. Tutakua mimi, babake, Imu, na mamake mume wangu ana miaka sitini na nane, huyo alivyosikia neno treni akasema haendi mtu bila yeye. Nauli nshapiga hesabu, daraja la kawaida ni 1500 tangu walipopandisha 2024, Imu ni nusu, kwa hivyo 5250 kwenda na vilevile kurudi, 10,500 kabla hata hatujatia kitu mdomoni. Daraja la kwanza 4500 kwa mtu mmoja hio tuwaachie wenyewe.

Nataka kujua tupande ya saa ngapi, tukae upande gani, na tukifika huko Nairobi kuna treni gani za kuona zaidi ya hii tuliokuja nayo. Halafu kuna ugomvi nyumbani, bibi amwambia Imu kila siku kwamba treni ya kweli ilikua ile ya zamani ya kulala, hii ya sasa ni basi refu. Juzi mtoto alilia.

Baharia wa Nchi Kavu

Wa aleikum salam Mama Imu. Ya saa nne usiku usiitaje hata, utalipia tiketi mtoto aangalie giza. Ya saa tisa mchana ni nzuri lakini si ya huyo kijana. Mpe ile ya saa mbili asubuhi inosimama njiani, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Watu huikimbia kwa sababu yachukua kama saa sita na zile zingine saa tano, lakini wewe hauendi kazini, waenda kuona treni, na kila stesheni kwa mtoto kama huyo ni sinema.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Reli hii ni moja tu, ya kwenda ndio hio hio ya kurudi, zinapishana kwenye stesheni penye reli za pembeni. Sasa treni ya asubuhi ya kutoka Nairobi nayo yaondoka saa mbili hio hio, kwa hivyo katikati ya safari, Mtito Andei na maeneo yake, lazima moja imngojee mwenziwe. Mwambie Imu ikifika saa tano akae macho dirishani asile wala asende choo. Na za mizigo mtazikuta zimesimama pembeni na makontena ya bandarini, mimi hujaribu kuyahesabu nikifika sabini napotea.

Upande mzuri ni kushoto ukienda. Jua la asubuhi liko kulia, na Kilimanjaro uko kushoto, ukiwa haujajifunika mawingu. Shida ni kwamba ukikata tiketi kwa simu, *639#, kiti hupangiwa, ukiangukia kulia mwombe mtu kwa heshima mbadilishane, ukimuonyesha mtoto na daftari lake nani atakataa. Ndovu wa Tsavo wako pande zote, wekundu kwa ule udongo.

Akikuuliza, injini ni ya dizeli, watu wengi hudhani ni umeme. Kichwa cha abiria ni DF11 ya kichina, mwisho wake hapa ni kilomita 120 kwa saa.

Kamau wa Mikindani

Yaani elfu kumi na nusu kuona treni? Dada mpeleke mtoto stesheni ya Miritini hapa Mombasa na juisi ya miwa akae pale nje siku nzima ataziona zaja zaenda, jioni murudi na tuktuk. Hio pesa nunua mabati.

Baharia wa Nchi Kavu

Kamau mabati hayapigi honi.

Abu Salma (South C)

Mimi ni wa Majengo lakini nakaa Nairobi mwaka wa tisa sasa, na vijana wangu wawili wamenipitisha kila reli ya huu mji kwa hivyo sikiliza dada.

Kwanza mkishuka Syokimau, stesheni ya mwisho huku Nairobi, msitoke nje kutafuta teksi. Kuna treni ndogo yawangoja abiria kuwapeleka mjini, Nairobi Central, na hio kwa Imu ni treni ya pili siku moja. Mwambie aangalie reli zenyewe, ile mliokuja nayo upana wake ni milimita 1435, hii ya mjini ni ile ya mkoloni, mita moja kamili. Kati ya hizi za mjini mengine ni yale mabehewa yaliokuja kutoka Hispania 2020, hayana kichwa cha kuvuta, injini ziko ndani yake humo humo. Mwanangu mkubwa alisema "baba treni imekatwa kichwa" na mpaka leo twaiita hivyo.

Jumapili nendeni makumbusho ya reli, yako nyuma ya stesheni kuu, mwaweza kwenda kwa miguu. Hapo ndio utamaliza kazi. Vichwa vya moshi vimepangwa nje kwenye nyasi na mtoto aruhusiwa kupanda, kushika vyuma, kuchungulia tanuri, hakuna kioo wala kamba. Mbebee futi apime upana wa reli mwenyewe. Mshike tu mkono maana kuna vyuma vina kutu na jua likipanda huwaka. Ndani kuna behewa ambalo simba aliingia akamtoa mzungu mmoja polisi akaitwa Ryall, 1900, alikua amekaa mle amvizie simba usiku, akashikwa na usingizi, simba ndio akamvizia yeye. Ilikua stesheni yaitwa Kima, na hapo jibebeni wenyewe, mimi nlimuonyesha mke wangu ikawa wiki nzima hatuli sambusa.

Jumatatu sasa, hii ndio siri yangu. Amkeni mapema, ikifika saa kumi na mbili na nusu muwe Nairobi Central. Ndio wakati treni za wafanyakazi zaingia, ya Ruiru, ya Kikuyu, ya Embakasi, ya Syokimau, zaja moja baada ya nyengine zimejaa mpaka mlangoni. Simameni pembeni bibi asisukumwe, hapo hakuna wa kukuomba samahani. Ukitaka kupiga picha muulize askari kwanza, watu wa stesheni wataka kuulizwa tu. Halafu chai, halafu mrudi Syokimau kwa ile ya saa tisa.

Na masweta. Mwezi wa nane hapa si Kisauni.

Mzee wa Kuze

Mwanangu, mwambie huyo bibi salamu nyingi, na yeye amesema kweli.

Stesheni yetu pale barabara ya Haile Selassie gari la moshi liliondoka saa moja jioni na likafika asubuhi, ukiwa na pesa walala kwenye shuka nyeupe, anapita mtu na kile kidude cha kugonga, ting tong ting, waitwa kula. Mimi sikua na pesa, nlikua daraja la tatu nasikia harufu tu. Lakini kama yeye ana sitini na nane basi utotoni mwake gari lilivutwa na Garratt, yale majitu ya moshi ya darasa la 59, yalitengenezwa Manchester na Beyer Peacock kati ya 1955 na 1956, thelathini na nne kwa jumla, kila moja tani 252 na ushee na kila moja lina jina la mlima. Reli wakati huo ilikua ya nchi tatu kwa hivyo kuna milima ya Tanzania na Uganda pia. Hayakuchoma makaa, yalichoma mafuta mazito, na likipanda kutoka Mazeras usiku ulilisikia mbali kama mtu mwenye pumu apanda ngazi.

Moja liko hapo makumbusho alipoambia Abu Salma, namba 5918, laitwa Mount Gelai. Mtoto mpeleke mwenyewe utakapompeleka lakini bibi mpelekeni hapo kwanza.

Na mwambie mtoto kitu kimoja, reli ilianza kwetu Mombasa 1896, ikafika pale kwenye matope 1899 wakajenga kambi, kambi ndio ikawa Nairobi. Asiende huko akajiona mshamba.

Mamake Imu (Kisauni)

Allah awalipe nyote, Kamau na wewe pia ingawa mabati utangoja.

Nshakata ya saa mbili asubuhi, tumepangiwa kulia, kwa hivyo nshaanza kufanya mazoezi ya kuomba. Nauliza mawili tu. Chakula nabeba mahamri na viazi karai, watu hubeba au ntachekwa? Na lile la kukaguliwa na mbwa, bibi aogopa mbwa kuliko simba wa Kima.

Abu Salma (South C)

Beba, kila mtu hubeba, ila kisu cha kukatia maembe acha nyumbani, nlikiacha changu pale kwenye skana na kilikua cha marehemu mama. Mbwa hunusa mizigo, nyinyi mwaiweka chini kwa mstari mwasimama kando, hamgusi mtu. Fikeni Miritini mapema saa nzima kabla, na cheti cha kuzaliwa cha Imu usisahau.

Mamake Imu (Kisauni)

Sawa kaka. Nimemsomea bibi ujumbe wa mzee wa Kuze. Amenyamaza kidogo halafu ameuliza hio ngazi ya kupandia kwenye kichwa iko na mahali pa kushika, maana magoti.

Abu Salma (South C)

Iko, lakini imesimama wima. Babake Imu asukume kwa chini.