Tupeane uzoefu: tulioshika randa ukubwani baada ya kazi kukatika

Mhasibu wa Mbagala
Wakuu, salamu. Juzi nilipita Keko kuulizia bei ya meza ya chakula, nikamkuta mwanamume wa makamo aliyekunja mikono ya shati la ofisini, anaranda mguu wa kitanda huku kijana mdogo amemsimamia na kumwambia asikandamize. Nilisahau bei niliyotajiwa, kwa sababu mtu yule alikuwa mimi kabisa.

Nina miaka 47. Nilikuwa mhasibu katika mradi wa afya, na ufadhili wa nje uliposimama mwanzoni mwa 2025 tulirudishwa nyumbani karibu wote. Nilituma maombi ya kazi mpaka nikachoka kusoma majibu ya heshima, ndipo nikamwomba fundi wa mtaani kwetu aniweke karakanani kwake bila malipo. Fundi huyo ni rika la mwanangu wa kwanza. Asubuhi hunipa shikamoo kwa adabu zote, na kabla ya saa nne huwa ameshaniambia mbele ya wateja kwamba nashika msumeno kama mtu anayekata mkate. Sioni ubaya, kwa kuwa anasema kweli, ila mke wangu aliposikia hakucheka.

Naomba mlioanza ukubwani mseme yaliyowakuta. Video nimetazama za kutosha, na sijaona hata moja inayoonyesha namna ya kuranda ubao mbichi wa msindano ulionunuliwa jana Buguruni.

Sogeza Ubao
Shikamoo ya asubuhi na amri za mchana nazifahamu. Huku Moshi mwalimu wangu alikuwa akinituma maji ya kunywa, lakini kwanza anasema, "Samahani, baba."

Dereva wa Zamani
Machi 2020, ndege za watalii zilipoanza kukatika, kampuni niliyokuwa nikiiendeshea hapa Arusha ilituambia tusubiri simu. Simu hiyo haikupigwa. Nilianza na paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, kwa sababu zilikuwa zikitupwa nyuma ya maghala, na jambo la kwanza ninalotaka mwanzisha mada alijue ni alama zilizopigwa ubavuni mwake. HT maana yake mbao zilipashwa joto kuua wadudu, kiini chake kikafikishwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni gesi ya sumu. Zenye MB niliziacha palepale, hata kuni sikuzifanya.

Kilichonitesa zaidi ni unyevu. Jirani alininunulia mbao mbichi kwa bei ya chini, akashikilia nimtengenezee kabati kwa mbao zilezile, nami nilimwambia mapema kwamba zitamsaliti. Mwezi haukwisha, milango ikagoma kufunga, na lawama zikaja kwangu mtaa mzima. Ubao ukikauka hupungua upana, na urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana paneli ya mlango haitiwi gundi, bali huachwa icheze ndani ya mfereji wa fremu. Mafundi wa zamani hukadiria mwaka mzima wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite kati yake. Nani kati yetu ana mwaka wa kusubiri?

Mninga Tupu
Kuanza na paleti ni kujizoesha umaskini. Mteja anayeona kazi yako ya kwanza imetoka kwenye paleti hatakuagiza kitanda maishani. Nunua mninga kidogo, tengeneza kitu kidogo chenye heshima, hata kama ni stuli ya kukalia bibi, kisha kiweke barazani kionekane.

Dereva wa Zamani
Ndugu yangu, mbao za mninga za kutosha kitanda kimoja ni ada ya mtoto. Mtu aliyeachishwa kazi hawezi kujifunzia msumeno juu ya ada.

Mninga Tupu
Nimesema stuli. Kitanda umekileta wewe.

Mama Stuli
Nawaheshimu nyote wawili, lakini mti unaomfaa anayejifunza ni msindano uliokauka, kwa sababu ni laini, unapatikana kila mahali na ukiharibika hauumizi moyo. Mtiki utafuata mkono ukitulia. Mvule msimpe mgeni, kwa kuwa ndani yake hujificha vipande vigumu vya chokaa vinavyomaliza meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule binafsi iliyofungwa nikiwa na miaka 43. Wateja wakiingia karakanani humwuliza kijana wangu bei, wakidhani mimi nimekuja kununua, na nimewazoea. Vumbi ndilo nililoshindwa kulizoea. Tangu 1995 vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hususan ya pua. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi. Nunueni barakoa ya vumbi kabla ya kununua hata patasi ya pili.

Sogeza Ubao
Barakoa kabla ya patasi? Fundi wangu angenifukuza.

Mtunza Stoo, Makambako
Sikuwa nimepanga kuandika, lakini Mninga Tupu aliposema anayeanza atengeneze kitu kidogo chenye heshima, nimekumbuka kwamba kazi yangu ya kwanza ya nje haikuwa ndogo, wala sikuichagua.

Shamba la chai nililofanyia kazi liliingiza mashine za kuchumia, wachumaji wakapungua, na stoo haikuhitaji tena watu wengi. Nilikuwa nimekwisha kutengeneza stuli na meza ya jikoni, vyote vya nyumbani kwangu, siku jirani alipogonga mlango saa tatu usiku. Mwana wa mzee mmoja wa mtaa wa juu alikuwa amefariki, maziko yalipangwa kesho yake mchana, fundi wa majeneza alikuwa Songea kwenye msiba wa kwao, na watu walijua kwamba mimi nina randa. Nilimweleza kwamba sijui kutengeneza jeneza. Alinijibu kwamba marehemu naye hajui.

Waliniletea kamba yenye mafundo mawili, moja la kichwani na moja la miguuni, pamoja na kijiti kilichokatwa kwa upana wa mabega. Mbao za msindano za inchi 1 kwa 12 nilikuwa nazo. Ugumu ulikuwa pale mabegani, kwa sababu ubao wa ubavuni hauna budi kupinda, na mimi nilikuwa sijawahi kupinda ubao. Saa nne haikufika umeme ukakatika. Ndipo baba wa marehemu alipoingia na taa ya chemli, akaketi juu ya rundo la mabanzi, akawa ananitazama mikono bila kusema neno. Nimewahi kukaguliwa stoo na watu wakali, lakini sijapata kukaguliwa vile.

Nilipoanza kuulazimisha ubao kwa goti, alisimama akaniambia niache. Kumbe aliwahi kuwa seremala wa misheni kabla macho hayajaingia ukungu. Alinielekeza nikate mikato ya msumeno upande wa ndani, iliyokaribiana, kila mmoja ukizidi kidogo nusu ya unene wa ubao. Mke wangu alichemsha maji, tukayamwaga juu ya mikato mpaka ubao ukalainika, kisha tukaukunja ubavu polepole hadi mikato ikafunga yenyewe. Ubavu wa pili aliufanya yeye. Halafu alininyang'anya randa, akaweka sawa kisu chake kwa kukigonga mara mbili na kigingi, akaranda kifuniko cha jeneza la mwanawe kwa kupapasa mpaka karibu na alfajiri, mimi nikiwa nimemshikia taa ambayo hakuihitaji.

Baada ya maziko aliniletea fedha ya misumari na vishikio, kwa hesabu kamili, bila nyongeza. Sikudai. Ninachokikumbuka zaidi, na huwa sikisemi mbele ya watu, ni kwamba jeneza lilipokuwa likishushwa kaburini, wenzangu wakiimba, mimi nilikuwa nimekodolea macho kona ya kushoto nikiomba gundi ishike.

Sogeza Ubao
Pole sana, mkuu. Nimeacha kupiga msasa ili nisome tena.

Mninga Tupu
Pole kwa usiku ule. Hata hivyo nitasema jambo ambalo halitapendeza. Mbao zilikuwa zako, usiku ulikuwa wako, na ukapokea hela ya misumari. Mtu aliyepoteza mshahara akianza ufundi kwa kuona haya kutaja bei, hatamaliza mwaka. Hospitali haikuona haya, na gari la kubebea maiti halikuona haya.

Makuti ya Tanga
Huku kwetu jambo hilo halina mjadala. Sisi Waislamu jeneza ni la msikiti, linabeba na kurudi, na kinachohitajika kwa seremala ni vipande vya mbao vya kufunikia mwanandani, yaani shimo la ndani ya kaburi analolazwa maiti. Sijamwona seremala wa hapa akivitoza fedha, na akivitoza atatafuta mtaa mwingine wa kuishi.

Mninga Tupu
Vipande vya kufunikia mwanandani ni kazi ya nusu saa. Mwenzetu amekesha.

Makuti ya Tanga
Kwa hiyo huruma inapimwa kwa saa?

Mtunza Stoo, Makambako
Jamani, sikuileta habari hii ili mnipangie bei ya msiba uliokwisha.

Fundi Tangu Utoto
Nimewasoma kimya na nimechoka. Mimi nimeanza kuranda nikiwa darasa la tano. Ninyi mnatoka ofisini na viinua mgongo vyenu, mnaingia mtaani, mnauza kabati kwa bei ya mbao kwa sababu chakula cha nyumbani mlikwisha kukiweka akiba, kisha mnakuja kuhadithiana machozi. Mteja wangu wa miaka mingi aliniambia kuna mzee mstaarabu anamfanyia kwa nusu ya bei yangu. Hesabuni mbao, misumari, gundi, vanishi, umeme, kodi ya eneo, na mkono wenu. Msipouhesabu mkono wenu, mnaushusha na wangu.

Mhasibu wa Mbagala
Fundi, hapo umenishika penyewe. Nimefanya uhasibu miaka mingi, na karatasi ya gharama ya stuli sijaandika hata moja. Nitaiandika leo.

Mama Stuli
Fundi amesema kwa ukali, lakini amesema. Naongeza kwamba kiinua mgongo si cha kila mtu. Aliyekuwa akichangia NSSF aulizie fao la kukosa ajira kabla ya kuuza samani za ndani, kwa kuwa linalipwa miezi 6, kwa kiwango cha theluthi ya mshahara kwa wenye sifa, na fedha hiyo isiende kwenye mashine. Msumeno wa mkono, randa, patasi, kipima pembe na jiwe la kunolea vinatosha mwaka wa kwanza.

Dereva wa Zamani
Mimi nasema anunue msumeno wa mezani mapema. Ukiwa na miaka 47 bega halina subira ya kupasua mbao za futi 12 kwa mkono.

Fundi Tangu Utoto
Apeleke kwenye mashine ya kupasulia ya mtaani, alipie kwa kila ubao, abaki na vidole vyake. Na ukishafanya kazi kwa muda, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanampima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani, na kwenye zabuni za madawati utakihitaji.

Sogeza Ubao
Mtunza Stoo, wazee wanasema anayeanza na jeneza huandamwa na majeneza. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Mtunza Stoo, Makambako
Mwezi uliofuata niliagizwa mengine, na yule mzee ndiye aliyekuwa akiwaelekeza watu kwangu. Hayo niliyatoza, Mninga Tupu, na ndiyo yaliyolipa ada mwaka ule.

Mninga Tupu
Asante. Hilo tu nililitaka.

Mhasibu wa Mbagala
Kabla mada haijahama, nina swali dogo. Vibano vya chuma vya kubania mbao wakati gundi inakauka vinauzwa ghali, nami nina ubao wa meza wa kuunganisha kesho. Ninyi mnabania kitu gani?

Dereva wa Zamani
Tumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukate ukanda mrefu, uzungushe ukiuvuta.

Fundi Tangu Utoto
Kwa meza usitumie mpira, maana utaziinua mbao katikati. Pigilia vibao viwili sakafuni, weka mbao kati yake, kisha ukaze kwa kabari mbili zinazopishana, na juu uweke mzigo mzito ili zisinyanyuke.

Mama Stuli
Na chini tandaza gazeti, la sivyo utaiunganisha meza na sakafu.