Wavuvi wa Jumamosi 🎣 (Taneycomo)

JUMATANO

[18:04] Dada Rehema: Habari za jioni wapendwa. Jumamosi ni ziwa Taneycomo, Missouri, kama tulivyokubaliana. Naomba majina leo, si kesho. Nani anakuja, nani ana gari, nani ana nafasi kwenye gari. Tunatoka Kansas City saa kumi alfajiri, saa moja na nusu tuwe chini ya ukuta wa bwawa la Table Rock.

[18:26] Dada Rehema: Watu kumi na wanne wameshasoma. Nawaona.

[18:31] Mama Zawadi: Mimi na watoto wawili tupo. Nilete chapati?

[18:31] Mjomba Hamisi: Shemeji hilo si swali 😂 sema tu utaleta ngapi

[18:33] Kaka Salim: Nipo. Sufuria ya ushindi nimeshaisugua, inakuja kutembea tu halafu inarudi kwangu.

[18:40] Baba Tatu: Isugue vizuri, maana inahamia kwangu.

[18:41] Kaka Salim: Kwa samaki yupi?

[18:41] Mjomba Hamisi: Haya, yameanza 🍿

[18:44] Dada Rehema: Kabla ya sufuria, vibali. Kila mtu awe na kibali cha trauti, wale samaki wa maji baridi. Pale juu ya daraja la barabara 65 unakihitaji hata kama samaki wote unawarudisha majini. Mzee Njuguna, wewe umepita miaka 65 kwa hiyo kile cha kuvua hukihitaji, lakini cha trauti unakihitaji. Nikukatie?

[18:45] Dada Rehema: Na buti zenye soli za felti zibaki nyumbani, kule haziruhusiwi. Zinabeba mwani kutoka mto mmoja hadi mwingine. Salim nakuangalia wewe.

[18:52] Kaka Salim: Nimenunua za mpira da Rehema, punguza presha

[19:10] Mjomba Hamisi: Mimi nitakuja na ugali wa chambo, ule mgumu wa kukandwa na vitunguu saumu. Kambale wa kwetu walikuwa wanapanga foleni

[19:11] Mama Zawadi: 😂😂😂

[19:11] Baba Tatu: Mjomba utakamatwa wewe na sufuria yako ya ugali

[19:15] Dada Rehema: Mjomba tafadhali. Kuanzia bwawani hadi kijito cha Fall Creek ni chambo bandia tu, tena si vile vya plastiki laini. Hakuna minyoo, hakuna ugali. Na trauti wa upinde wa mvua mwenye inchi 12 hadi 20 anarudi majini hapo hapo. Wa kahawia, chini ya 20 anarudi. Watoto wa Mama Zawadi nitawapeleka chini ya Fall Creek, huko minyoo ruksa.

[19:17] Mjomba Hamisi: Basi mimi ni mtoto wa Mama Zawadi

[19:20] Baba Tatu: 🤣🤣

ALHAMISI

[06:15] Dada Rehema: Majina hadi sasa ni sita. Magari moja, langu. Hatutoshi.

[12:48] Dada Rehema: Sasa hili lisomwe na kila mtu. Maji ya pale yanatoka chini kabisa ya ziwa la Table Rock. Tangu ule ukuta ukamilike 1958 ni baridi mwaka mzima, ndiyo sababu trauti wanaishi pale hata Julai. Kuna mitambo minne ya umeme. Ikiwa imezimwa unavuka kwa miguu, maji ya magoti. Wakiwasha, king'ora kinalia na maji yanapanda haraka. Pale mferejini, panapotoka maji ya kituo cha kuzalishia samaki, ambapo nyote mnapapenda, mtu akichelewa anajikuta upande wa pili hana pa kurudia. KING'ORA KIKILIA UNATOKA. Hata kama una samaki kwenye ndoana. Kata mshipi, toka.

[12:55] Kaka Salim: Hata akiwa wa kilo 18 kama yule wa rekodi wa 2019? 😅

[12:56] Mjomba Hamisi: Wa kilo 18 namfuata hadi Arkansas

[12:56] Baba Tatu: Salim akimshika huyo atasema kilo 25, na kipimo atakuwa amesahau nyumbani

[12:58] Kaka Salim: Unataka kusema nini?

[13:01] Baba Tatu: Nasema ninachosema. Wangu alilala kwenye futi, inchi 18, watu wakaona. Wako "ishirini na mbili" alipimwa na nani?

[13:02] Kaka Salim: Alipimwa kwenye fimbo yangu, ina alama. Mwaka mzima sasa kaka!

[13:02] Mjomba Hamisi: Na mimi wavu wangu wa ile safari ya Bennett Spring uko wapi, kwa kuwa tunadaiana

[13:04] Baba Tatu: Mjomba ya Bennett usiyaingize hapa

[13:09] Dada Rehema: NANI ANA GARI?

[13:10] Mama Zawadi: Ujumbe huu umefutwa

[17:36] Mzee Njuguna: Wanangu, nimesoma yote. Rehema, kibali nikatie, asante. Sasa huyo samaki wa Salim wa mwaka jana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nyuma yenu. Salim ulimshika kwa mikono mikavu. Baba Tatu ukasema apimwe, Salim ukasema apigwe picha kwanza, simu ikatafutwa. Samaki yuko juu, matamvua yanafunguka na kufunga. Mlipomwachia alilala ubavu, maji yakamchukua hivyo hivyo. Hakuna aliyegeuka kumtazama kwa sababu mlikuwa kwenye inchi. Mimi nimekulia karibu na mto Gura, Kenya, trauti walipandwa mto ule tangu 1905, na mzee aliyenifundisha alinichapa kiganja siku niliyomshika samaki bila kulowesha mikono. Huyo wa Salim hakuwa ushindi wa Salim wala wa Baba Tatu. Sufuria ikabidhiwe Rehema. Atakayeichukua ni yule nitakayemwona akimrudisha samaki akaogelea mwenyewe. Na atakayebaki majini baada ya king'ora, asinitafute kwenye safari nyingine.

[19:50] Kaka Salim: Nimekusikia Mzee.

[20:22] Baba Tatu: Sawa Mzee. Shikamoo.

[20:23] Mzee Njuguna: Marahaba.

[20:40] Mjomba Hamisi: Ujumbe huu umefutwa

[21:05] Dada Rehema: Asante Mzee. Basi kila mtu awe na wavu wa mpira, si ule wa nyuzi unaochubua magamba. Samaki abaki ndani ya wavu, wavu ndani ya maji. Anayetaka picha, mwenzake awe ameshashika simu tayari. Ndoana mbonyeze kale ka mwiba kwa koleo kabla hamjarusha, inatoka kirahisi. Nitabeba nzi bandia wadogo weusi na wale wa kijivu wa umbo la kamba wadogo wa majini, wanafanana na chakula chao pale.

[21:07] Dada Rehema: Salim gari lako linakuja au haliji?

IJUMAA

[07:30] Dada Rehema: Salim?

[17:41] Dada Rehema: Ratiba ya umeme ya kesho imetoka. Hakuna mtambo hadi saa tano asubuhi, kisha miwili. Hayo ni makadirio, watu wakiwasha viyoyozi, wa bwawani wanaweza kuwasha mitambo mapema, kwa hiyo king'ora kiko pale pale. Tuna saa tatu na nusu za kuvua. Tukichelewa kutoka hatuna kitu.

[17:58] Mama Zawadi: Kwa hiyo sufuria inakuja? Nilitaka kupikia pilau humo, ya kwangu ni ndogo

[18:03] Dada Rehema: Iko kwa Salim.

[18:20] Baba Tatu: Mimi naweza kumpitia Mzee, lakini nina kiti kimoja tu, mizigo imejaa. Mjomba, wavu wako upo. Nimeukuta gereji.

[18:21] Mjomba Hamisi: Alhamdulillahi 🙏🏾 una tundu?

[18:22] Baba Tatu: Tundu moja

[18:22] Mjomba Hamisi: Hilo tundu sikukuachia mimi

[20:16] Binamu Juma: Salaam, ndio naona ujumbe sasa hivi, nilikuwa zamu ya usiku. Ni Jumamosi hii au ijayo?

[20:17] Dada Rehema: Kesho Juma! Saa kumi alfajiri. Panda juu usome yote, hasa ya Mzee. Kibali cha trauti unacho? Na gari lako linafika Branson, ule mji wa pale ziwani?

[20:29] Binamu Juma: Kibali cha kuvua ninacho. Kuna kingine?

[20:30] Dada Rehema: Nakupigia. Mama Zawadi, wewe na watoto mnapanda kwangu. Mjomba bado sijui nakuweka wapi. Salim, pokea simu.