Mjadala: Kiha tunawanyang'anya, shamba hatuwapi

Mama Wawili, Mwanga:
Wana Kigoma, naomba tulijadili hili bila matusi. Jumamosi nilikuwa kwenye kicheni pati ya binti wa jirani. Shangazi yake alipanda basi kutoka Kasulu, kitenge kimekazwa kiunoni, zawadi yake dumu la mawese. Akaanza kumfunda mwali kwa Kiha, huku akipiga makofi taratibu kama wafanyavyo mama zetu wakisalimia. Hajafika mbali, MC akamnyang'anya maiki: "Shangazi, Kiswahili tafadhali, hapa si kijijini." Ukumbi mzima kicheko. Mwali naye akacheka, na hapo ndipo nilipoumia. Shangazi akaokoteza maneno manne ya Kiswahili, akaketi.

Nauliza: mtoto wa kike wa Kiha akija mjini, lazima auvue Uha wake mlangoni kama ndala?

Bint Ujiji:
Dada, pole, ila Kiswahili nacho ni cha kwetu. Ujiji tumechanganyika tangu enzi za misafara. Bibi yangu Mmanyema alinifunda kwa Kiswahili na sijapungukiwa kitu. Mle ukumbini wangapi walikuwa hawajui Kiha? Halafu tusemezane ukweli, nasaha za mashangazi wengine ni "vumilia" mwanzo mpaka mwisho. Hizo bora zisieleweke.

Mzee wa Buhigwe:
Ndiyo matunda ya mji hayo. Mila irudi yote, mabinti watatulia.

Mama Wawili, Mwanga:
Shikamoo mzee. Bint Ujiji, la "vumilia" nakupa, sina ubishi. Ila mzee wangu, "yote" ni ipi? Heru, himaya yetu Waha ya zamani kule Kasulu, ilitawaliwa na mwanamke, Mwami (yaani chifu) Theresa Ntare, na wanaume walikuwa chini yake. Mbona hiyo haitajwi tukisema mila? Inayotajwa ni ile ya urithi. Na hiyo wala haikai vichwani mwa wazee tu, iliandikwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba: mtoto wa kike daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, na mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini baba akifa, kikao cha ukoo kinakaa kwa ile ya 1963.

Basi angalieni. Lugha tunaivua tukishuka stendi, maana tutachekwa, au tutaulizwa kama tumetoka Burundi. Shamba tunanyimwa "kwa mila". Mji unachukua upande wake, ukoo unachukua wake.

Mzee wa Buhigwe:
Marahaba. Mashamba yakigawiwa kwa mabinti yanahamia koo nyingine. Hilo nalo ulijibu.

Bint Ujiji:
Yahamie, mzee! Kwani michikichi inauliza ukoo? Anayeipalilia na kukamua mawese ni nani?

Dada wa Mwali:
Mwali ni mdogo wangu. Usiku ule shangazi alilala kwetu. Saa nne akamwita jikoni, akafunga mlango, akamfunda upya kwa Kiha mpaka mkaa ukazimika. Walilia wote wawili. Habari ya shamba la marehemu baba hakuigusa.