Ukame wa Zambia mwaka 2024: je, ushirika upange ghala lake kwa kufuata El Niño?

Katibu wa ushirika, Mbozi

Ndugu zangu, habari za kazi. Ushirika wetu uko mkoani Songwe, na sehemu kubwa ya mahindi yetu huishia Tunduma, ambako wanunuzi kutoka Zambia na Kongo hukutana na wa kwetu. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, baada ya takriban hekta milioni moja za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, kuharibika. Mavuno yao yalishuka hadi tani milioni 1.5 hivi, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, wakati sisi tulivuna vizuri na wenzetu wa kaskazini walikuwa wakihangaika na mafuriko. Mwaka 2025 Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, na wanachama waliokuwa wamehifadhi mahindi wakitarajia bei ya mwaka uliopita wakabaki nayo ghalani.

Ninaomba ufafanuzi wa mambo mawili. Inawezekanaje majuma machache ya jua yapunguze mavuno ya nchi nzima kwa nusu, ilhali mimea ilikuwa imekwisha kuota? Na je, hali hii ya kusini kukauka wakati kaskazini inalowa ni jambo ambalo ushirika unaweza kulitegemea katika kuamua kiasi cha kuuza na kiasi cha kuhifadhi?

Bwana shamba mstaafu, Njombe

Ndugu Katibu, nitajibu la kwanza, nao wenye ujuzi wa hali ya hewa watajibu la pili.

Jumla ya mvua ya msimu haitoshi kueleza mavuno ya mahindi, kwa sababu mmea huu hauna mahitaji sawa ya maji katika kila hatua. Ukikosa maji ukiwa mdogo, hudumaa kisha hujikwamua mvua inaporudi. Ukikosa wakati punje zimekwisha kukomaa, hasara ni ndogo. Hatari iko katika majuma machache yanayozunguka utoaji wa mbelewele, yaani maua ya juu ya bua yanayomwaga chavua. Kila unywele unaochomoza kwenye gunzi umeungana na punje moja, na punje hiyo haitakuwapo iwapo unywele haukupata chavua. Mmea wenye kiu huendelea kumwaga chavua kwa wakati wake, lakini nywele huchelewa kutoka, na zinapotoka chavua imekwisha. Ndiyo maana mtu hukuta shamba la kijani lenye mabua marefu, akamenya gunzi na kukuta punje za kuhesabika. Mvua itakayonyesha baada ya hapo itastawisha majani tu.

Ukame wa 2024 ulizibana Zambia, Malawi na Zimbabwe kuanzia mwishoni mwa Januari na kuendelea Februari, tena kwa joto kali, yaani katika majuma hayohayo. Mtama ungeweza kusubiri, kwa kuwa hupunguza kasi ya kukua wakati wa kiu na kuendelea maji yanapopatikana. Pia tusisahau kwamba nchi hizo hutegemea msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kama sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Mkulima wa Kilimanjaro akikosa vuli ana masika mbele yake. Aliyekosa Februari kule Choma, kusini mwa Zambia, husubiri mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, na katika kipindi hicho chote hununua chakula.

Mtaalamu wa hali ya hewa, Nairobi

Kuhusu swali la pili, uhusiano huo upo, ila hauna uhakika wa kuwekewa dhamana ya mkopo. Maji ya Pasifiki ya kitropiki yanapopata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño, mvua za Oktoba hadi Desemba huku Afrika Mashariki huelekea kuongezeka, hasa ikiwa Bahari ya Hindi upande wa magharibi nayo ina joto kuliko upande wa mashariki, kama ilivyokuwa mwaka 2023. Nchi za kusini, kwa upande wao, huelekea kupungukiwa na mvua kati ya Desemba na Februari. La Niña, yaani maji hayo yanapopoa kupita kawaida, hugeuza mambo: kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika maeneo kame ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Uzalishaji wa mahindi wa Kenya ulikuwa magunia milioni 34.3 mwaka 2022, ukapanda hadi milioni 47.6 mwaka 2023 mvua ziliporejea.

Hata hivyo, El Niño ya 1997/98 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi katika karne iliyopita. Ilileta gharika Afrika Mashariki, lakini ukame mkubwa uliohofiwa kusini haukutokea kwa kiwango kilichotarajiwa. Aidha, Mbozi iko karibu na ukanda ambako athari hizi mbili hupishana, kwa hiyo El Niño inaeleza mengi zaidi kuhusu mnunuzi wenu kuliko kuhusu shamba lenu.

Watu huuliza kama yote haya ni mabadiliko ya tabianchi. Uchambuzi wa kundi la World Weather Attribution ulihitimisha kwamba chanzo kikuu cha ukame wa kusini wa 2024 kilikuwa El Niño, wakati ule wa Pembe ya Afrika ulizidishwa sana na ongezeko la joto linalokausha udongo. Binafsi naona tofauti hiyo ina maana kwa mipango: El Niño huja na kuondoka, lakini joto halirudi nyuma.

Mfanyabiashara wa nafaka, Tunduma

Naongeza upande wa soko. Watu wa kanda hii hula mahindi meupe, ilhali biashara kubwa ya mahindi duniani ni ya manjano, hivyo kusini inapokosa, meli haziwezi kuziba pengo kwa urahisi. Mwaka 2024 hata Afrika Kusini, msambazaji wa kawaida, ilishuka kutoka tani milioni 16.4 hadi takriban milioni 12.8. Ndiyo sababu Zambia ilielekea kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania na kukubaliana ununuzi wa tani 650,000. Kwa lori la tani 30, hizo ni safari zaidi ya 21,000, kwa hiyo barabara na foleni ya mpakani nazo huamua nani atakula.

Kisha kuna serikali. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, ikafungua baada ya siku chache kwa sharti la cheti. Mkulima aliyepanga ghala lake kwa kutazama mawingu pekee hakuweza kulijua hilo.

Katibu wa ushirika, Mbozi

Nawashukuru. Je, kuna tarehe za kufanyia uamuzi, au tuuze kila mwezi kiasi sawa?

Mfanyabiashara wa nafaka, Tunduma

Uzeni kwanza kinachotosha kulipa madeni ya pembejeo. Mwishoni mwa Agosti hutoka utabiri wa msimu wa Pembe ya Afrika na ule wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Tanzania inashiriki kote kuwili. Usomeni pamoja na wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Iwapo unaonyesha upungufu kusini, bakizeni sehemu hadi Februari, kwa kuwa ndipo habari za mashamba ya Zambia zinapojulikana. Machi isiishe mkiwa na shehena kubwa, maana kuanzia Aprili mahindi mapya huanza kuingia sokoni. Kabla ya yote hayo, kausheni hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 na mtumie mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa, kwa sababu wadudu aina ya dumuzi na sumukuvu huondoa faida ya kusubiri hata bei ikipanda.