Naomba ushauri: kaka yangu anatuliza maumivu ya mgongo kwa pombe kali

Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu ni fundi ujenzi, ana miaka 41. Mwaka juzi alianguka kwenye jukwaa la mbao akaumia mgongo. Tangu hapo kila jioni anapiga vikombe viwili vya pombe kali, anasema ndiyo ganzi yake. Na kweli, akishakunywa anainama hadi kufunga kamba za viatu, kitu ambacho mchana hawezi.

Shida ni asubuhi. Anaamka anatetemeka, mgongo unauma kuliko jana, anashika ukuta kwenda chooni. Siku hizi vikombe viwili havitoshi, ni vinne. Na ameanza kulalamika nyayo zinawaka moto usiku. Nilivyosoma, pombe hupooza mishipa ya fahamu kwa muda tu, ikiisha mwilini maumivu yanarudi kwa hasira, na ukiizoea miaka mingi inaharibu mishipa yenyewe, hasa ya miguuni.

Kinachonitisha zaidi: anachanganya na dawa za maumivu, diklofenaki na panadol. Diklofenaki inachimba tumbo, panadol na pombe inaumiza ini. Juzi nimemkuta na tramadol mfukoni, dawa kali ya maumivu, hiyo na pombe inaweza kukata pumzi usingizini!

Nimeambiwa pia asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Sasa naanzia wapi, daktari wa mifupa au kitengo cha ulevi? Aliyewahi kumhudumia ndugu wa hivi, alimshawishije? Matusi nayapata nyumbani ya kutosha.