Waliosoma Texas A&M au kupita uwanja wao wa Kyle Field: tupeane uzoefu wa kusimama mechi nzima

Mkulima_Halisi: Wadau, kijana wangu kapata nafasi Texas A&M, pale College Station. Kasikia kwamba timu ya chuo ikicheza wanafunzi hawakai, ni kusimama mwanzo mwisho. Sizungumzii soka letu, nazungumzia ule mpira wa Wamarekani wa kubeba mkononi na kugongana. Waliopita kule leteni habari.

Jukwaa_la_Kaskazini: Ni kweli kabisa, na chanzo chake ni mechi ya Januari 2, 1922 mjini Dallas. A&M walikuwa wanacheza na Centre College, timu iliyokuwa inatisha enzi hizo. Majeruhi wakaongezeka, kocha Dana X. Bible akitupa jicho benchi anaona watu wanaisha. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, E. King Gill, aliyekuwa ameshaacha timu na kuhamia mpira wa kikapu. Siku hiyo yuko zake juu kwa waandishi wa habari, anawasaidia kuwatambua wachezaji. Akaitwa chini, akavalishwa jezi ya majeruhi, akasimama pembeni tayari tayari. A&M wakashinda 22 kwa 14 na Gill hakuingia hata dakika moja! Tangu hapo shabiki wa pale anahesabika kuwa Mchezaji wa 12, anasimama kwa kuwa anaweza kuitwa. Mimi nilichopenda ni hicho: wamemjengea sanamu mtu ambaye hakucheza.

Bi_Mkubwa_Houston: Hadithi tamu, ila Septemba jua la Texas halina adabu. Binti yangu alinipeleka, nikapewa nafasi jukwaa la juu kabisa. Uwanja unaingiza watu zaidi ya 102,000. Ukafika wimbo wao wa vita: wanashikana mabega, mstari mmoja unayumba kulia, unaofuata kushoto, eti wanamkata pembe fahali wa watani wao, Chuo Kikuu cha Texas. Jamani, jukwaa linatikisika kweli, si maneno. Nilikamata chuma cha mbele nikasoma Ayatul Kursi. Binti anacheka tu.

Mwana_wa_Pangani: Mbona hamsemi lile la kubusu? Timu ikifunga, unambusu uliyekuja naye. Mimi nilikuja na shemeji. Na siku hiyo walifunga haswa. Tukawa tunapeana mikono kama wabunge.

Halafu usiku wa kuamkia mechi, saa sita, watu wanajaa uwanjani kufanya MAZOEZI ya kushangilia, wakiongozwa na wanafunzi watano.

Jukwaa_la_Kaskazini: 😂😂 Pole sana mkuu.

Nyakati_za_Jioni: Mie kilichonishinda ni mbwa wao, ambaye ndiye nembo hai ya chuo. Anaitwa Reveille, na desturi inasema akibweka darasani kipindi kimeisha. Mbwa waliomtangulia wamezikwa nje ya uwanja, upande wa kaskazini, na wamewekewa ubao wa matokeo ili wasipitwe. Nilimsimulia mama kwa simu, akaniuliza kama nakula vizuri.

Bi_Mkubwa_Houston: Lakini mzazi ajue na lile la huzuni. Kila mwaka kabla ya kukutana na Texas wanafunzi walikuwa wanajenga rundo kubwa la magogo na kuliwasha moto. Novemba 18, 1999, usiku wa manane, rundo likaanguka wakiwa juu yake. Walikufa 12, wakajeruhiwa 27. Mechi ilichezwa Novemba 26, A&M wakashinda 20 kwa 16. Chuo hakijaurudisha moto ule, na mahali pale pana mnara wa kumbukumbu. Kijana akapaone, hata kama mpira hataupenda.

Mkulima_Halisi: Nashukuruni. Sasa aende na nini?

Mwana_wa_Pangani: Viatu vya soli nene, kofia, na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, maana begi la kawaida litaishia getini. Texas walipotea kwenye ratiba tangu 2011, wakarudi 2024 na kushinda palepale Kyle Field, 17 kwa 7. Watu bado wana hasira, kwa hiyo tiketi ya mechi hiyo aanze kuitafuta mapema. Na asije na shemeji.